Amana ya Mpita Njia

Tumeletewa suali na kijana mmoja katika wana wa mji wetu, ambaye hivi sasa yuko bara, amepanga chumba Kanja, mji mdogo wa soko ulio upande wa Runyenjes katika Embu, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Suali lake si la sala wala la mirathi. Ni suali la kazi na ujira. Nasi tumeona bora kulijibu hadharani, kwa kuwa vijana wetu wengi siku hizi huajiriwa kama alivyoajiriwa yeye, hapa wiki mbili na pale mwezi, na kila waendako ni wageni.

Kazi yake ni ufundi wa endoskopi. Kwa asiyeijua, endoskopi ni kipimo cha kutazama ndani ya mwili kwa mrija mrefu, laini, mwembamba kama kidole cha mwisho, wenye taa na kamera nchani. Tabibu huupitisha kinywani mwa mgonjwa mpaka tumboni, ama kwa njia ya chini mpaka katika utumbo mpana, akaona kwa macho yake kidonda, uvimbe au mahali panapotoka damu. Ndani ya mrija huo pana vijia vyembamba vya kupitishia maji na hewa, na kikoleo kidogo cha kukatia kipande cha nyama kwa kupimwa. Tabibu ndiye mwenye kutazama. Fundi ndiye mwenye kutengeneza vyombo, kumtuliza mgonjwa, kupokea kile kipande na kukihifadhi, na kisha, hili ndilo lililoleta suali, ndiye mwenye kuuosha mrija kabla haujaingia katika mwili wa mtu wa pili. Maana chombo hiki ni cha thamani kubwa, wala hakistahimili moto wa kuchemshwa kama visu vya upasuaji. Kwa hivyo mrija mmoja hupita katika matumbo ya watu wengi.

Katika Marekani ufundi huu wa kuhamahama una mawakala wake maalumu, na mkataba wa kawaida ni wa wiki 13. Kwetu hufanywa zaidi na wauguzi waliojifunza kazi hiyo, na wanaohama ni wale wanaoitwa hospitali fulani inapokuwa na tabibu wa kuja kwa siku chache na haina mtu wa vyombo. Kijana wetu amekwisha kwenda Embu, Chuka, Nkubu na Maua, na Kanja ndipo anapolaza sanduku lake. Hilo la matabibu wa kuja na kuondoka si jambo geni katika nchi hizi. Mwaka 1957 Michael Wood, aliyekuwa mpasuaji Nairobi, pamoja na wenziwe Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha shirika la Madaktari wa Ndege, ambalo leo ni Amref, ili tabibu amfikie mgonjwa wa mbali badala ya mgonjwa kufa njiani. Hatuna neno baya la kusema juu ya safari za namna hiyo. Watu wa mlima ule wana haja kubwa na mrija huu: utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa saratani ya tumbo katika upande wa mashariki wa Kenya si maradhi ya nadra kama ilivyokuwa ikidhaniwa kwa Afrika. Maradhi hayo yakionekana mapema hutibika. Yakichelewa, mtu hurudishwa kwao akafie huko.

Sasa suali. Kijana ameandika kuwa katika hospitali moja aliyofanyia kazi, ambayo hakututajia jina wala hatukumuuliza, waliitwa wagonjwa 30 kwa siku moja, na mirija ilikuwa miwili. Ilipofika adhuhuri walikuwa hawajafika nusu. Wengine walitoka Tharaka tangu alfajiri, na wote hawakutia kitu kinywani tangu usiku, kwa kuwa kipimo hakifanywi ila tumbo likiwa tupu. Msimamizi akamwambia, “Punguza kuosha. Futa, suuza, tuendelee.” Siku ya pili, katika kungojea, alifungua daftari la kuoshea la wiki zilizopita, akaona saa zimeandikwa safu nzima kwa mkono mmoja na kalamu moja, hazikosi hata dakika, siku ambazo wagonjwa walikuwa wengi kama hao. Auliza: je, mtu wa wiki mbili, ambaye Ijumaa atapanda matatu aende zake, na ambaye kuitwa tena kwake ni kwa neno la msimamizi huyo huyo, anapaswa na nini?

Kwanza yafaa tujue kuosha huko ni nini, maana mwenye kusikia “kuosha” hudhani ni mambo ya sabuni na ndoo. Mrija ukitoka kwa mgonjwa hufutwa pale pale na kupitishiwa maji, ili uchafu usikauke ndani. Hujazwa hewa na kutiwa majini, kutazama kama una tundu. Kisha husuguliwa kwa brashi nje na ndani ya vijia vyote, na kazi hii ya mkono ndiyo kubwa kuliko zote, kwani dawa haiui kilicho chini ya uchafu. Halafu hurowekwa katika dawa kali kwa muda uliowekwa, husuuzwa dawa yote iishe, na hukaushwa, maana mrija uliolala na maji huota vijidudu usiku mmoja. Hapana katika hatua hizi hata moja ambayo mgonjwa aweza kuiona. Mrija ulioshwa vema na mrija uliofutwa tu, vyote viwili vyang’aa.

Na khatari yenyewe haipasi kutiwa chumvi. Mrija ukioshwa inavyotakiwa, kuambukizwa ni jambo la nadra sana. Lakini mwaka 2015, katika hospitali kubwa ya Los Angeles, wagonjwa saba waliambukizwa vijidudu visivyosikia dawa, na vifo viwili vilihusishwa navyo, kwa mrija wa namna moja wenye kijiwenzo kidogo nchani. Na uchunguzi ulionyesha kuwa mrija ule ulikuwa ukioshwa kama alivyoagiza mtengenezaji wake. Ikiwa aliyeosha sawasawa aliponyokwa na hilo, aliyefuta tu ana hoja gani?

Tukirudi nyuma kidogo, wazee wetu wa pwani wanamkumbuka mpiga chuku aliyekuwa akizunguka mitaani na pembe zake na wembe wake. Huingia nyumba hii akaumika, akatoka akaingia ile, na wembe ni ule ule. Aliyegeuka macho manjano baada ya miezi miwili alisema ni chakula, au ni husuda ya jirani. Hakusema ni wembe, kwani mpiga chuku alikuwa amekwisha ondoka zamani, na hapana anayeunganisha maradhi ya leo na mgeni wa miezi miwili. Mpiga chuku hakuwa mwovu. Hakujua. Lakini kijana wetu ajua, na hapo ndipo hukumu zao zinapotengana.

Ubaya wa madhara haya ni kuwa hayana alama. Mwaka 2009 hospitali za serikali za askari waliostaafu huko Marekani ziliwaandikia barua watu zaidi ya 10,000 waliopimwa kwa vyombo vya namna hii katika miji mitatu, kuwaambia kuwa vyombo havikutengenezwa inavyopasa, basi waje wapimwe damu. Baadhi yao walionekana wana maradhi ya ini, na wengine virusi vya ukimwi. Je, waliyapata kwa mrija, au walikuwa nayo kabla? Hapana aliyeweza kulithibitisha hili wala lile. Hayo ni katika nchi yenye madaftari ya kila kitu. Mtu wa Tharaka ataandikiwa barua na nani?

Hapa tumekumbuka jambo katika vitabu vya fiqhi tulivyosomeshwa. Wanavyuoni wamewagawa waajiriwa mafungu mawili: ajiri wa mtu mmoja, anayeuza muda wake, na ajiri wa watu wengi, kama mshoni na mtia rangi, anayeuza kazi yake. Juu ya huyu wa pili wamekhitalifiana: kitu kikiharibika mkononi mwake bila ya kukusudia, je, alipe au asilipe? Imenakiliwa na Rabii, mwanafunzi wa Imamu Shafii, kuwa Imamu alikuwa akiona kuwa halazimiki kulipa ila akizembea, lakini rai hiyo alikuwa hapendi kuitangaza kwa kuwaogopa mafundi wabaya. Tulipoisoma khabari hii utotoni tuliiona ni kama kichekesho. Leo twaiona ni busara kubwa. Imamu alijua kuwa sheria yaweza kumwachia fundi kwa kuwa uzembe wake hauna shahidi, na kwamba kukosa shahidi si sawa na kukosa kosa. Basi fundi wa mrija ni ajiri ambaye hata khasara aliyoitia haijulikani kama ni yake, na aliyekhasirika hajui kama amekhasirika. Mahakama haimfikii. Kilichobaki kati yake na mgonjwa ni amana tupu.

Wako watakaosema kuwa mpita njia amana yake ni nyepesi: yeye ni mkono wa kukodi, na mambo ya hospitali ni ya wenyewe. Sisi twaona kinyume cha hayo. Mwenyeji akikosea leo ana kesho ya kutengeneza. Atamwona mgonjwa sokoni, atasikia kuwa hajambo au ana homa, atamwita tena. Mgeni hana kesho mahali pale. Kazi yake yote ni ya siku ile ile, na atakachokiacha kibovu hatakuwapo kukitengeneza wala kukisikia. Mwenye muda mfupi ndiye anayepasa kukamilisha zaidi, kama vile msafiri anayelipa deni lake kabla ya chombo kutweka, asingoje msimu mwingine. Watu wetu husema, “Mgeni njoo, mwenyeji apone”. Na huyu kwa hakika aliitwa ili wenyeji wapone.

Ama agizo la msimamizi, jawabu letu ni kuwa asilitii. Lakini hatutaki kulisema hili kwa wepesi, kwa sababu upande wa pili pana haki pia. Mzee aliyetoka Tharaka na njaa akirudishwa bila ya kupimwa, nauli yake imepotea, na huenda hatapata nyingine mpaka mavuno. Huenda ndani yake mna uvimbe ambao mwezi mmoja ni mwingi kwake. Msimamizi hakuwa akitafuta fedha tu. Huenda alikuwa akiwahurumia wale waliokaa kwenye mabenchi. Basi kwa nini twamwambia kijana akatae?

Kwa sababu madhara haya mawili si ya namna moja. Anayerudishwa nyumbani ajua kuwa amerudishwa. Aweza kukasirika, kulalamika, kudai aandikiwe siku ya karibu, kwenda hospitali nyingine, kuuza mbuzi akapata nauli. Mambo yake yamebaki mikononi mwake, ingawa kwa taabu. Anayepitishiwa mrija usiooshwa hajui lolote. Hushukuru, akaenda zake na maradhi ya mwenziwe tumboni, na siku yatakapodhihiri hatajua aulize wapi. Wa kwanza amenyimwa. Wa pili amenyimwa na pia amedanganywa, na uwongo huo umeondoa hata njia ya kujiponya. Tena wa kwanza hakuwa na haki juu ya fundi kuwa apimwe siku ile kwa vyovyote vile. Lakini kila anayelala juu ya kitanda kile ana haki juu ya fundi kuwa asitiwe mwilini uchafu wa mtu mwingine.

Twajua pana hali moja iliyo mbali na hiyo. Akiletwa mtu anayetapika damu, na hapana mrija mwingine, na kungoja ni kumwacha afe, basi tabibu apime khatari kwa khatari, na mgonjwa au watu wake waambiwe wazi lililoko, wakubali au wakatae. Hiyo ni dharura, na dharura ina hukumu zake. Lakini foleni ndefu si dharura. Foleni ni jambo lililopangwa na mtu.

Lipo suali la mkate, nalo kijana hakulificha. Ana mama na wadogo zake huku, na akijulikana kuwa ni mgumu hataitwa tena. Sheria ya Kazi ya Kenya ya mwaka 2007 imempa kibarua aliyefanya kazi mfululizo mwezi mmoja au zaidi hifadhi fulani, kwamba asiachishwe ghafula bila ya notisi; bali mwenye mkataba wa wiki mbili haufikii mwezi, na kila mara huanza upya kama mtu asiyejulikana. Sisi tunaoandika haya tumekaa barazani na kahawa mbele yetu, na ni rahisi kwetu kumwambia mtu aliye Kanja kwenye baridi avumilie. Hata hivyo kaida ya wanavyuoni ni kuwa dhiki ya mtu haifuti haki ya mwingine: mwenye njaa aweza kuruhusiwa kula cha watu, lakini atabaki na deni la kukilipa. Na huyu kijana, akimwambukiza mtu maradhi ya ini ili apate kuitwa tena, atamlipa nani, naye hamjui jina?

Twaona pia ziko njia za kukataa zisizokuwa za ugomvi. Asiseme, “Sitaki.” Aseme, “Mrija huu utakuwa tayari saa fulani,” na azidi kusugua. Amwambie tabibu mwenyewe, siyo msimamizi peke yake, kuwa mirija miwili haiwezi kutosha watu wote hawa, ili wachaguliwe walio taabani zaidi, kama vile wasioweza kumeza na waliopungua mwili, na wengine waandikiwe siku nyingine kabla hawajakaa na njaa mpaka jioni. Matabibu wengi wakiambiwa hivi husikiliza, kwa kuwa jina litakaloharibika ni lao. Na akitaka kipimo cha nafsi yake, ni hiki: Basil Hirschowitz, aliyetengeneza pamoja na wenziwe mrija wa kwanza wa nyuzi za kioo huko Michigan, mwaka 1957 aliupitisha kwanza katika koo lake mwenyewe, kisha ndipo akaupitisha kwa mgonjwa. Fundi aliyekwisha uosha mrija ajiulize kama angeumeza.

Ama lile daftari, twaona ni zito kuliko agizo lenyewe. Agizo ni kosa la siku moja lililosemwa kwa mdomo mbele ya watu waliochoka. Daftari lililoandikwa saa za uwongo ni kosa lililovishwa nguo ya ukweli, ambalo kila mkaguzi atakayekuja ataliamini. Kijana si mkaguzi, wala hatumwamrishi awachunguze waliomtangulia. Huenda lipo ambalo halijui. Lakini zamu zake mwenyewe aziandike kama zilivyokuwa: mrija gani, uliingia dawani saa ngapi, ulitoka saa ngapi, na mgonjwa nambari ngapi. Siku asipomaliza, aandike kuwa hakumaliza. Na kabla ya kuondoka ampe mkuu wa hospitali barua fupi, yenye tarehe na sahihi yake, isemayo aliyoyaona bila ya kumtuhumu mtu, na nakala abaki nayo. Ikiwa atasikia baadaye kuwa mambo ni yale yale, lipo Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, ambalo hutoa leseni za hospitali na kupokea mashitaka ya watu. Hiyo si fitina. Fitina ni kusema pembeni kwa ajili ya kuharibu. Kusema mbele ya mwenye mamlaka kwa ajili ya kuzuia madhara ni ushahidi.

Lakini tungelikuwa tumemdhulumu kijana huyu kama tungeyamaliza maneno yote juu yake. Hebu tupige hesabu. Kazi ya hospitali ile ni kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, yaani saa nane, dakika 480. Mirija miwili yafanya dakika 960. Ukiwaita watu 30, kila mmoja ana dakika 32, hata kama hapana anayekula wala kusali. Ondoa robo saa ya kipimo, zabaki dakika 17 za kufuta, kutazama tundu, kusugua, kurowesha, kusuuza na kukausha. Na kurowesha peke yake, kwa dawa iliyokuwako, kwataka dakika 20. Basi aliyeandika orodha ya watu 30 alikwisha amua, tangu siku ya kuiandika, kuwa mirija haitaoshwa. Hakulijua, kwa sababu hakupiga hesabu. Kisha akamwachia mgeni wa wiki mbili, aliye mdogo kuliko wote katika chumba kile, achague kati ya dhambi na njaa.

Wako miongoni mwa wasomaji wetu wanaokaa katika kamati za hospitali hapa pwani, na wengine ni wafadhili wa kambi za matibabu ya bure zinazofanywa siku za Jumamosi, ambapo sifa ya kambi huwa ni wingi wa watu waliohudumiwa. Hao twawaomba, kabla ya kutangaza siku, waulize mirija ni mingapi, na kuosha mmoja mpaka ukauke kwachukua muda gani. Ikiwa jawabu ni robo tatu ya saa, basi pamoja na kipimo ni saa nzima, na mirija miwili kwa siku ni watu 16, si zaidi. Waandikwe 16, na wa 17 aambiwe siku yake nyingine angali kwao, kabla hajalala na njaa wala kutoa nauli. Na katika mkataba wa fundi, hata ukiwa wa siku tatu, iandikwe kuwa mrija hauingii kwa mgonjwa mpaka yeye autie sahihi, na kuwa hataondolewa kazini kwa kukataa kuutia.